Nyanya za Bidoni, Udongo wa Kichuguu

Malori yanayotoka Kongo kuelekea bandari ya Dar es Salaam hubeba shaba. Yanayoingia hubeba karibu kila kitu kingine. Nilipofika Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo, ilikuwa mwishoni mwa Oktoba, joto limekolea na mvua bado inasuasua. Kando ya foleni ya malori vijana walikuwa wakivusha matenga ya nyanya kutoka upande wa Zambia, mengine juu ya baiskeli, mengine kichwani. Mama mmoja mchuuzi alipakia yake kwenye paa la basi dogo la kwenda Lubumbashi, kisha akaketi karibu nami. Nikamuuliza kama huko aendako hawalimi nyanya.

“Tunalima,” akanijibu. “Lakini mvula ikianza, tomati yetu yote inakufa. Tunakula ya ku Zambia.”

Kutoka mpakani hadi Lubumbashi ni takriban kilomita 90, na mama yule alizitumia vizuri kunieleza biashara yake. Nyanya ikipanda bei haipandi pole pole: wiki hii fungu lina nyanya sita, wiki ijayo lina nne, bei ile ile. Anayenunua haoni bei ikipanda, anaona fungu likipungua. Nilikuja kuyakumbuka maneno yake nilipoona wifi yangu anavyofanya nyumbani kwake Ruashi.

Kaka yangu ni dereva wa malori. Alioa Lubumbashi, na nyumba yake iko Ruashi, moja ya komyuni saba za mji huo, upande wa kaskazini-mashariki, karibu na uwanja wa ndege wa Luano. Yeye mwenyewe sikumkuta. Alikuwa njiani na mzigo, nadhani tulipishana mahali fulani kati ya Ndola na Nakonde. Wifi ndiye aliyenipokea. Alinikaribisha kwa bukari (ugali wa huku), lengalenga (mchicha) na ndakala (dagaa) waliopikwa kwa nyanya nyingi kuliko nilivyotarajia baada ya hadithi ya yule mama wa kwenye basi. Nikauliza nyanya zimetoka wapi. Akanionyesha kwa kidole dirishani.

Uani kulikuwa na safu ya bidoni (madumu) za lita 20, zile za njano za mafuta ya kupikia, zimekatwa vichwa na kutobolewa chini. Kulikuwa na viroba vya unga vilivyojazwa udongo na kukunjwa midomo, na beseni moja lililopasuka ubavu. Kila chombo kilikuwa na mche wa nyanya, na kila mche ulikuwa mfupi: mingi haikufika kiunoni. Nilichoshangaa zaidi si vyombo bali ardhi iliyovizunguka. Ua lenyewe lilikuwa pana, limefagiliwa jekundu, tupu kabisa isipokuwa mwembe mmoja. Kwetu watu hupanda kwenye ndoo kwa sababu hawana ua. Huyu ana ua na bado anapanda kwenye ndoo.

“Kupanda chini?” wifi akacheka. “Hapana, yaya. Hii budongo haiko yetu, iko ya mine.”

Hakuwa anatania. Mgodi wa Étoile, ambao wenyeji huujua kwa jina la Kalukuluku, ndiko kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga ilikoanza kuchimba shaba ya eneo hili la Katanga mwaka 1911, mji wenyewe ukiwa na umri wa mwaka mmoja tu na ukiitwa Elisabethville. Mgodi wa Ruashi uko jirani, na tangu 2012 uko mikononi mwa Jinchuan ya China pamoja na kampuni ya serikali, Gécamines. Nyumba zilizojengwa Ruashi tangu miaka ya 1950 zimeongezeka hadi mji na mashimo ya shaba na kobalti vinatazamana. Upepo wa kiangazi ukivuma, vumbi haliulizi mpaka wa mtu. Upande wa pili wa mji, kiwanda cha kuyeyushia shaba kilichowashwa mwaka huo huo wa 1911 kilimwaga moshi kwa miongo mingi kuelekea kaskazini-magharibi, na huko Penga Penga yapo maeneo ambayo majani yenyewe yaligoma kuota.

Wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, wakishirikiana na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walipima mkojo wa watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga na kuchapisha matokeo mwaka 2009. Kiwango cha kobalti walichokikuta kwa watu wa kawaida, wasio wachimbaji, kilikuwa miongoni mwa vya juu kabisa kuwahi kuripotiwa duniani. Mwaka 2020 utafiti mwingine wa Lubumbashi, uliochapishwa katika jarida la The Lancet Planetary Health, ulionyesha kuwa watoto ambao baba zao hufanya kazi za migodini wako katika hatari kubwa zaidi ya kuzaliwa na kasoro za mwili. Wifi hajasoma lolote kati ya hayo. Yeye hufagia vumbi kila asubuhi, analiona rangi yake, basi.

Katika jambo hili nyanya ina nafuu kidogo kuliko majirani zake wa sahani. Mboga za majani, kama lengalenga, hufyonza metali nzito na kuziweka kwenye majani, yaani pale pale tunapokula. Tena jani pana hukusanya vumbi juu yake. Tunda la nyanya hupokea kiasi kidogo zaidi, kwa kuwa sehemu kubwa ya metali hubaki mizizini na majanini, na ngozi yake laini huoshwa ikatakata. Kwa hiyo kama mtu ana vyombo vichache na udongo safi kidogo, hesabu ya akili ingekuwa kuvitumia kwa lengalenga kwanza. Nilimwambia wifi hivyo. Akanitazama kama mtu anayesikiliza daktari wa redioni, akasema lengalenga ni ya bei ya chini, nyanya ndiyo inayomaliza pesa. Sikuwa na jibu.

Udongo wake unatoka kwenye vichuguu. Msafiri yeyote wa Katanga huviona: vilima vya mchwa vikubwa kuliko nyumba, vimejaa miti juu, vimesimama katikati ya miombo na hata katikati ya viwanja vya watu. Matofali mengi ya kuchoma ya Lubumbashi yamefinyangwa kutokana navyo. Mchwa hupandisha udongo laini wa mfinyanzi kutoka chini sana, na ndani ya kichuguu kikubwa cha miaka mingi hujikusanya chokaa. Udongo wa kawaida wa huku ni mwekundu, umechujwa na mvua, una tindikali na lishe haba. Wa kichuguu una kalsiamu, na tindikali yake ni ndogo. Kwa mkulima wa nyanya hilo ni jambo kubwa, kwa sababu ile nyanya inayooza kitako, inayoanza na doa jeusi chini kabla haijaiva, huwa imekosa kalsiamu wakati tunda linakua. Zaidi ya hapo, tindikali ikipungua, metali kama kadimi na zinki hung’ang’ania udongo na mmea hupata shida kuzinyonya.

Lakini kichuguu nacho si malaika. Kijana jirani, mwanafunzi wa kilimo pale chuo kikuu, ndiye aliyenieleza upande wa pili wa sarafu. Kwa kuwa mchwa huleta udongo wa chini juu, watafutaji madini huchukua sampuli za vichuguu ili wajue kilichozikwa. Kichuguu kilichosimama juu ya shaba kitakuwa na shaba. Akanifundisha pia kuangalia mmea mdogo wenye maua ya zambarau, Haumaniastrum katangense, ambao Wabelgiji waliuita ua la shaba kwa kuwa hustawi pale ambapo mimea mingine inashindwa kwa wingi wa shaba. Ukiukuta umetanda mahali, usichote udongo hapo hata kama ni mweusi na unanukia vizuri. Ndiyo maana nilimsikia wifi akimhoji muuza udongo aliyekuja na mkokoteni kama askari wa mpakani: umetoka wapi, barabara gani, kabla au baada ya shimo la mgodi? Aliposema Kalukuluku, wifi alimfungia geti. Aliyekuja baadaye na udongo wa mbali, njia ya Kasenga, aliuza viroba vyake vyote.

Anavyouchanganya ni hivi. Sehemu mbili za udongo wa kichuguu uliopondwa, sehemu moja ya samadi ya kuku iliyokaa miezi hadi ikapoteza ukali wake, na sehemu moja ya kitu cha kuulegeza: pumba zilizooza, majani makavu ya mwembe, au vumbi la makala, yaani zile chenga zinazobaki chini ya gunia la mkaa. Bila hicho cha tatu udongo wa kichuguu ukilowa hushikamana, na ukikauka hugeuka tofali, jambo lisilostaajabisha. Chini ya bidoni hatii changarawe, na ana haki. Vitabu vingi hushauri changarawe ili maji yapite, lakini maji hupita kwa matundu. Changarawe hupunguza tu nafasi ya mizizi na kuufanya ule udongo wa juu yake ukae umelowa.

Kuhusu chombo chenyewe, onyo moja ambalo Lubumbashi halisemwi vya kutosha. Sokoni kuna mapipa mazuri ya plastiki, magumu, ya bei nafuu, yaliyotoka viwandani. Baadhi yaliwahi kubeba kemikali za kusafishia madini. Hayaoshwi yakatakata. Bidoni ya mafuta ya kula, hata ikiwa imechakaa, inashinda pipa lolote usilojua lilibeba nini.

Mbegu yake ni Roma VF, aina ya zamani ambayo mkulima wa Tanzania pia anaijua vizuri. Herufi mbili za mwisho ni ahadi ya kustahimili magonjwa mawili ya mnyauko unaoletwa na ukungu, Verticillium na Fusarium. Haiahidi lolote dhidi ya mnyauko bakteria, na huo ndio unaotisha zaidi katika udongo wa kitropiki. Ila ndani ya bidoni, mche mmoja ukinyauka ghafla, unautupa pamoja na udongo wake na wenzake wanabaki salama. Shambani ugonjwa huo ungetembea na maji ya mfereji hadi mwisho wa tuta.

Ufupi wa Roma una historia yake. Mwaka 1914 huko Florida, Marekani, lilionekana shina la nyanya lililojikatia lenyewe urefu: baada ya vikonyo kadhaa vya maua likaacha kurefuka. Tabia hiyo ya kurithi ndiyo iliyozaa nyanya nyingi fupi zilizopo sokoni leo. Fupi za namna hii huzaa kwa mkupuo, wiki chache, kisha zinachoka. Hazihitaji kupunguzwa machipukizi kama zile ndefu. Ukiyakata ovyo unakata matunda. Ufito mmoja wa kuegemea unatosha.

Zipo fupi kuliko hizo. Micro-Tom, iliyotangazwa na watafiti wa Florida mwaka 1989, hufikia sentimita 15 hadi 20 tu, na watu wa Ulaya huipanda kwenye visanduku vya dirishani. Watoto wa wifi walikuwa wamejaribu mchezo huo kwa mbegu waliyonayo: makopo ya maziwa ya unga yamefungwa kwa waya kwenye nondo za dirisha, kila kopo na mche wa Roma. Miche ilikuwa myembamba, majani yamepauka, imezaa vinyanya viwili vya kusikitisha. Roma inataka lita kumi za udongo kwenda juu, na kopo la maziwa halina hata tatu. Hukumu yangu ni kwamba dirisha la Ruashi, kwa mbegu zinazopatikana Ruashi, ni kitalu kizuri na shamba baya. Pale miche huota salama mbali na kuku, ikifikisha majani manne au matano huhamia kwenye bidoni.

Sasa nirudi kwenye maneno ya mchuuzi wa Kasumbalesa. Kwa nini nyanya ya Lubumbashi hufa mvua ikianza? Mvua hapa huanza kwa nguvu Novemba na kukatika Machi au Aprili, na mji uko juu, zaidi ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo siku za mvua huwa na ubaridi. Hiyo ndiyo hali anayoipenda yule kimelea wa ugonjwa wa bakajani chelewa, Phytophthora infestans, aliyeangamiza viazi vya Ireland kuanzia 1845. Lakini ana udhaifu: anahitaji jani lililolowa kwa saa kadhaa ndipo aingie. Jani likikaa kavu, hana mlango.

Siku ya tatu ya mvua, tulizihamisha bidoni zote kuziweka chini ya upenu wa bati. Hapo ndipo nilipoelewa faida ya chombo ambayo shamba halina: chombo kina miguu. Wifi alizipanga upande wa mashariki, ambako jua la asubuhi hukausha umande mapema. Nilidhani ni mazoea tu, ila jiografia inamuunga mkono. Lubumbashi iko karibu nyuzi 11.7 kusini mwa ikweta. Msimu wa mvua jua la adhuhuri linakuwa karibu utosini, na kuanzia mwisho wa Oktoba hadi katikati ya Februari hupita kidogo upande wa kusini, hivyo upenu huzuia mwanga wote wa mchana na kinachobaki ni cha asubuhi au jioni. Juni na Julai jua huinamia kaskazini na ukuta wa kaskazini ndio unaopata joto. Usiku wa miezi hiyo Lubumbashi hushuka chini ya nyuzi 10, na mche ulioegemea ukuta uliopashwa na jua hulala vizuri zaidi. Maelekezo ya Ulaya yanayosema geuza sanduku lako kusini hayana kazi hapa.

Chini ya upenu upepo ni mdogo na nyuki wachache. Wifi hupita saa nne asubuhi akigonga mashada ya maua kwa kijiti cha fagio, tap, tap, ili chavua idondoke. Akiona jani lenye michirizi myeupe ya yule kipekecha tunayemwita kantangaze, analichuma na kulichoma motoni. Kwa bidoni dazeni inawezekana. Kwa ekari haiwezekani.

Maji ndiyo yanayomchosha. Bomba hutoka siku zikipenda. Mwezi Oktoba bidoni moja yenye mche uliobeba hunywa lita mbili kwa siku bila aibu, na ukiiruka siku moja kisha ukaimwagia kwa fujo, kile kitako kinaoza hata kama kalsiamu ipo tele, maana kalsiamu husafiri na maji. Maji ya kuoshea mchele hayamwagwi nyumba hii. Mvua ikianza wanakinga kutoka kwenye bati, ila mvua ya kwanza yote huachwa ipite, kwa sababu imeosha vumbi la miezi sita lililolala juu ya paa, na vumbi hilo ndilo wanalolikimbia.

Faida yake? Nilipiga hesabu naye jioni moja, kibatari kikiwaka kwa kuwa umeme ulikuwa umekwenda. Mche mmoja uliotunzwa humpa kilo mbili hivi, ukimpenda sana tatu. Nyumba yake inapika nyanya kila siku. Bidoni zile haziwezi kulisha familia mwaka mzima, na anayedai zinaweza anauza mbegu. Zinachofanya ni kuziba Desemba na Januari, miezi ambayo fungu la sokoni limebaki na nyanya tatu. Nyanya nyingi za mji zitaendelea kutoka Zambia na kwa wakulima wa mabondeni. Hao waliwahi kusaidiwa na mradi wa kilimo cha mijini ulioendeshwa na FAO kwa fedha za Ubelgiji kuanzia mwaka 2000, Lubumbashi ikiwa mmoja wa miji mitano ya Kongo iliyohusika. Wifi hakuwa na bonde. Alikuwa na bati, bidoni, na uhuru wa kuchagua udongo wake utoke wapi.

Uhuru huo ndio ninaotaka wasomaji wa Geita, Kahama na Chunya waufikirie, kwa sababu shaba si madini pekee yanayoacha vumbi, na zebaki inatumika kwenye dhahabu yetu kila siku. Kama bustani yako iko karibu na mgodi au kinu cha kusagia mawe, chukua udongo wa sehemu mbalimbali za bustani, uuchanganye, uukaushe kivulini, kisha uupeleke kwenye maabara ya udongo, iwe Chuo Kikuu cha Sokoine Morogoro au TARI Mlingano mkoani Tanga. Waulize kabla ya kulipa kama watakupimia zebaki, risasi, kadimi na aseniki. Kipimo cha kawaida cha rutuba hakizionyeshi.